Siri ya virusi imesomwa Kilifi, lakini maji ya Bamburi yako wapi?

Ni nadra kuikuta nyumba ya Bamburi isiyo na chombo cha kuwekea maji. Iwe ni nyumba ya makuti huko Utange au ghorofa iliyo kando ya barabara kuu iendayo Malindi, utakuta pipa, tangi au safu ya mitungi ya lita 20 imepangwa uani, ikiingoja siku ambayo bomba litakohoa na kutoa maji. Bomba likikaa kimya, yuko mchuuzi na mkokoteni wake. Watu wa Mombasa wamelizoea jambo hili hata hawalihesabu tena kuwa dhiki. Wameligeuza kuwa sehemu ya nyumba, kama kitanda na meko.

Nimeanza na pipa kwa kuwa nataka kuizungumzia sayansi ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haihusiani na pipa hata kidogo. Nayo ni sayansi ya kusoma jenomu za virusi na bakteria, yaani kuyasoma, herufi kwa herufi, maagizo yote ya uhai yaliyomo ndani ya vijidudu hivyo. Dai langu ni fupi. Sayansi hii imekwisha kutueleza, kwa ushahidi usiopuuzika, maradhi ya pwani yetu hutoka wapi na hupita njia gani. Kazi iliyosalia si ya maabara. Ni kazi ya bomba, mtaro na baraza. Tena mtu aliyestahili kupewa habari hizi mwanzo, yaani mwananchi aliyetoa damu yake ikapimwa, ndiye anayezipata mwisho, ikiwa anazipata kamwe.

Kabla ya kufika huko, yafaa tuifahamu kazi yenyewe. Kila kiumbe hubeba ndani yake maagizo ya namna ya kujijenga na kujizalisha. Maagizo hayo huandikwa kwa herufi nne tu, zinazopangwa na kupanguliwa kwa mfuatano mrefu. Virusi vya chikungunya vina herufi zipatazo 12,000. Virusi vya korona vina takriban 30,000. Bakteria wa kipindupindu ana zipatazo milioni 4, na binadamu ana takriban bilioni 3. Mnamo mwaka 1977 Frederick Sanger na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha jenomu ya kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria, chenye herufi 5,386, na dunia ya wataalamu ikastaajabu. Ilichukua hadi mwaka 1995 kuisoma jenomu nzima ya bakteria kwa mara ya kwanza. Leo kuna mashine inayoenea kiganjani mwa mtu, na mwaka 2015 ilisafirishwa hadi Guinea kuvisoma virusi vya Ebola papo hapo, wakati wagonjwa wangali wodini.

Je, kuzisoma herufi hizo kunafaa nini? Sisi wa pwani tunayo njia nyepesi ya kulielewa jambo hili. Kabla ya kuja mitambo ya chapa, tenzi zetu zilinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, Pate, Lamu, Siyu na hapa Mombasa. Mnakili ni binadamu, na binadamu hukosea. Huruka neno, hubadili irabu, huupindua mshororo. Anayenakili kutoka nakala hiyo huyachukua makosa yale pamoja na utenzi wenyewe, kisha huongeza ya kwake. Baada ya miaka 100, mtaalamu akiziweka nakala 10 mezani na kuyafuata makosa, aweza kusema nakala ipi ilizaa ipi, na ni ipi iliyovuka kisiwa kwenda bara. Virusi navyo hujinakili, na katika kujinakili hukosea. Virusi vya korona, kwa mfano, vilikuwa vikipata mabadiliko yapatayo mawili kila mwezi katika mnyororo wa maambukizi. Kosa la mnakili ndilo unyayo wa msafiri. Mwenye kuzisoma nyayo hizo huijua safari.

Hebu tuifuate safari moja inayotuhusu sana. Ugonjwa wa chikungunya ulipewa jina lake na Wamakonde wa kusini mwa Tanganyika, ulipozuka huko mwaka 1952 na 1953. Jina hilo lamaanisha kujikunja au kupindika, na yeyote aliyewahi kuugua hahitaji kamusi. Viungo huuma mpaka mtu mzima akatembea kama kikongwe, na kwa wengine maumivu hayo hudumu miezi. Katikati ya mwaka 2004 maradhi haya yalizuka Lamu. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa mji huo waliambukizwa. Kabla mwaka haujakwisha, maradhi yakawa yamefika Mombasa. Mwaka 2005 yakavuka bahari hadi visiwa vya Komoro, kisha yakaingia Réunion, ambako zaidi ya thuluthi moja ya watu wa kisiwa kizima waliugua kufikia mwaka 2006. Mwaka huohuo India ikahesabu wagonjwa zaidi ya milioni moja.

Wataalamu wa Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa walipozisoma jenomu za virusi vya Réunion mwaka 2006, waligundua jambo la ajabu. Virusi vya mwanzo wa mlipuko havikuwa sawasawa na vya mwisho wake. Katikati ya safari, herufi moja ilikuwa imebadilika katika sehemu inayounda ganda la kirusi, na badiliko hilo dogo likakiwezesha kirusi kustawi ndani ya mbu wa aina nyingine, mbu wa Asia mwenye milia, ambaye ndiye aliyejaa kisiwani humo. Herufi moja kati ya elfu kumi na mbili, na maelfu ya watu wakalala vitandani.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2016 chikungunya ilizuka Mandera, na Desemba 2017 ikatua Mombasa. Kufikia mwanzo wa Februari 2018, wagonjwa 453 walikuwa wamehesabiwa mjini, 32 kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara, na orodha ya sehemu walikotoka ilikuwa ni orodha ya Mombasa nzima: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Likoni, Mvita na Nyali. Watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa kimatibabu, pamoja na washirika wao, walivisoma virusi vya Mandera na vya Mombasa. Wakakuta kwamba ni wa ukoo uleule uliotoka pwani yetu mwaka 2004. Ila sasa vilikuwa na mabadiliko mawili ambayo yalikuwa yamekwisha kuonekana katika virusi vya India. Mwana wa Lamu alikwenda ughaibuni, akakaa, akajifunza, kisha akarudi nyumbani na ujuzi mpya.

Ujuzi gani? Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mabadiliko hayo mawili hukisaidia kirusi kustawi ndani ya mbu aitwaye Aedes aegypti. Huyu si mbu wa malaria anayezaliwa kwenye madimbwi na kuuma usiku. Huyu huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha kitandani hakimzuii sana. Hapendi mto wala ziwa. Hupenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu. Hutaga mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, yakangoja tu siku pipa litakapojazwa tena. Mbu huyohuyo ndiye anayebeba homa ya dengue, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la kidingapopo. Ilizuka Malindi na Kilifi mwaka 1982, ikailaza Mombasa mwaka 2013 na 2014, na haikukoma hapo.

Basi msomaji aone tulipofika. Tulianza na herufi zisizoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, zikatupitisha Lamu, Komoro, Réunion, India na Mandera, na mwisho wake zikatusimamisha uani kwetu, mbele ya pipa. Maafisa wa afya wanajua hivyo, na kila mlipuko unapozuka huja na ushauri: funikeni vyombo, mwageni maji yaliyokaa, sugueni mapipa. Ushauri huo ni mwema na sharti ufuatwe. Lakini pipa halikujileta uani. Liliitwa na bomba lisilotoa maji. Mombasa hunywa maji ya mbali: ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, ya Baricho kwenye mto Sabaki, ya Marere na ya Tiwi. Bomba la Mzima ni la miaka ya hamsini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na miaka kumi nyuma yake walikuwa 939,370. Kumwambia mama wa Bamburi asiweke maji nyumbani, wakati hajui bomba litafunguliwa lini, ni sawa na kumwambia mvuvi asiloe.

Tukiacha maji yanayohifadhiwa, tutazame maji yanayonywewa. Kipindupindu kina historia ndefu katika bahari hii, na watu walijaribu kuzifuata nyayo zake muda mrefu kabla ya kujulikana jenomu. James Christie, daktari kutoka Uskoti aliyeishi Unguja na kushuhudia mlipuko wa mwaka 1869 na 1870, aliwahoji manahodha, wafanyabiashara na watu wa misafara, akaunganisha maneno yao, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya njia za ugonjwa huo Afrika ya Mashariki. Alionyesha kwamba kipindupindu hakikuingia Unguja kwa bahari safari ile, kama wengi walivyodhani. Kilishuka kutoka bara, kupitia Pangani. Bakteria mwenyewe hakuwa anajulikana. Christie alitumia masikio tu, na heshima kwa wenyeji waliomweleza walichokiona.

Miaka zaidi ya 140 baadaye, mwaka 2017, jopo la watafiti wa nchi nyingi lilichapisha matokeo ya kuzisoma jenomu 1,070 za bakteria wa kipindupindu, kutoka nchi 45 za Afrika na kwa muda wa miaka 49. Walikuta kwamba milipuko hiyo yote ilitokana na ukoo mmoja, ulioingizwa barani mara zisizopungua 11 tangu mwaka 1970. Mara tano za mwisho ulitoka Asia, na kila mara ulikuja ukiwa sugu kwa dawa kadhaa, ukawaondoa wale bakteria wa zamani waliosikia dawa. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine ulionyesha kwamba kipindupindu kilichoiangamiza Yemen kilitoka Asia ya Kusini na kilikuwa kimepita kwetu, Afrika ya Mashariki, kabla ya kuonekana huko. Bahari ya Hindi ni mtaa mmoja. Tuliokopeshana tende na boriti kwa karne nyingi hukopeshana maradhi pia.

Lakini fikiri vema maana ya matokeo haya. Ikiwa bakteria aliingia mara 11 tu katika takriban nusu karne, basi wageni hawa hawakuwa wengi. Kilichowafanya wakae miaka mingi, mara moja hata miaka 28, ni kwamba walikaribishwa. Kisauni na Bamburi zimejaa visima na mashimo ya vyoo yaliyochimbwa katika mawe ya matumbawe, mawe yenye matundu yanayopitisha maji kama kichujio kilichotoboka. Mahali ambapo choo na kisima vinatenganishwa na uzio wa jirani tu, bakteria hana haja ya meli ya pili. Mashine ya kusoma jenomu yaweza kututajia mji aliotoka mgeni. Kuufunga mlango ni kazi yetu wenyewe.

Hapo ndipo janga la korona linapotupa funzo la tatu, na hili lilifanyika karibu kabisa. Kilomita zipatazo 50 kutoka Bamburi, mjini Kilifi, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI, shirika la Wellcome la Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford. Kenya ilipomtangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 2020, wanasayansi wa Kilifi hawakungoja sampuli zisafirishwe ng'ambo. Walizisoma wenyewe. George Githinji na wenzake walichapisha jenomu 311 zilizokusanywa pwani kati ya tarehe 17 Machi na 31 Julai mwaka huo. Waligundua kwamba virusi vilikuwa vimeingizwa mara nyingi mbalimbali, hasa kutoka Ulaya, na kwamba baadhi ya koo zilizonaswa mpakani mwa Kenya na Tanzania, au kwa wasafiri waliorejea, hazikupata nafasi ya kuenea. Kwa maneno mengine, wale maafisa waliosimama mipakani wakiwapima watu juani hawakuwa wakifanya mchezo. Kuna koo za virusi zilizokufa mikononi mwao.

Kisha Charles Agoti na wenzake wakazichunguza jenomu 1,139 za kaunti zote sita za pwani, kuanzia Machi 2020 hadi Februari 2021. Walikadiria kwamba virusi viliingizwa pwani mara 280, na kwamba Mombasa ndiyo iliyokuwa lango kuu. La kufikirisha zaidi ni hili: sehemu kubwa ya kuingizwa huko ilitokea katika wimbi la kwanza, wakati ambapo amri nyingi za serikali zilikuwa zingali na nguvu. Katika wimbi la pili, maradhi yalisambaa zaidi kati ya kaunti na kaunti, sisi kwa sisi. Wanasayansi wakashauri kwamba nguvu zielekezwe katika kuzuia maambukizi ya ndani badala ya kumngoja mgeni mlangoni tu.

Wakazi wa pwani wanaukumbuka mwaka ule. Mnamo Aprili 2020 Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungiwa watu wasitoke wala kuingia. Mwezi wa Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Hoteli za Bamburi zilifunga milango, na wapishi, watunza bustani, madereva na wachuuzi wa ufuoni wakarudi kwao mikono mitupu. Watu hao walilipa gharama ya vita dhidi ya korona. Je, ni wangapi kati yao waliowahi kuambiwa, kwa lugha wanayoifahamu, kile ambacho jenomu zile 1,139 zilionyesha? Ni wangapi waliambiwa kwamba ukaguzi wa mipakani ulizaa matunda, au kwamba wimbi la pili lilikuwa letu wenyewe? Makala yale yamechapishwa wazi katika majarida makubwa ya dunia, kila mtu aweza kuyasoma bila malipo, mradi ajue Kiingereza cha wataalamu. Barua imeandikwa kwa damu yetu, imesomwa jirani yetu, kisha imetumwa London na Boston. Bamburi haijapata hata nakala.

Sisemi haya kuwalaumu watafiti. Kilifi kuna utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaoketi na watafiti, wakauliza maswali na kuyarudisha majibu vijijini, na utaratibu huo ni wa kuigwa. Lakini virusi havijui mpaka wa kaunti. Anayeishi Bamburi, Likoni au Changamwe anahitaji sauti kama hiyo, kwa kuwa yeye ndiye aliye langoni. Uvumi huenea pale ambapo habari haifiki. Mtu akichukuliwa damu leo na asisikie neno tena, usishangae kesho akikataa kunyoosha mkono, wala usishangae akiamini kwamba damu yake imeuzwa. Dawa ya uvumi si kuudharau. Dawa yake ni kurudi kwa mwenye damu na kumwambia: tulichukua hiki, tukakisoma, tukaona hivi, na hili ndilo la kufanya.

Wapo watakaosema kwamba ukweli kama huu una hatari zake, hasa kwa mji unaokula kwa mgongo wa watalii. Hoja hiyo ina uzito. Mnamo Novemba 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walipoitangazia dunia aina mpya ya korona iliyokuja kuitwa Omicron, shukrani waliyopata ilikuwa kufungiwa safari za ndege ndani ya siku chache. Mwenye macho ndiye aliyeadhibiwa kwa kuona. Mhudumu wa hoteli ya Bamburi ana haki ya kuuliza: Kenya nayo ikitangaza mapema, nani atanilipa mshahara wangu? Swali hilo halijajibiwa ipasavyo. Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliupitisha mkataba wa kukabiliana na majanga ya maradhi, lakini sehemu ngumu kuliko zote, ile ya kuamua anayetoa vijidudu na jenomu zake atapata nini katika chanjo na dawa zitakazotengenezwa, iliachwa ijadiliwe baadaye.

Hata hivyo, kunyamaza si kinga. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwaka 2023 aina mpya ya ndui ya nyani ilitambuliwa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu huko Kivu ya Kusini. Waliozisoma jenomu zake waliona alama zinazoonyesha kwamba virusi vilikuwa vikipita kati ya mtu na mtu, wala si kutoka kwa mnyama tu. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ikamtangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyegunduliwa kwenye mpaka wa Taveta. Barabara inayobeba mizigo ya bandari ya Mombasa hadi maziwa makuu hurudi vilevile, na malori hayabebi bidhaa tu. Angalau safari hii habari ilitangulia, kwa sababu kulikuwa na mtu Kamituga aliyechukua sampuli na mtu aliyeisoma. Kama wangenyamaza kwa kuhofia sifa ya mji wao, tungeupokea ugonjwa tukiwa gizani.

Nini basi kifanyike? Kwanza, matokeo ya kila uchunguzi uliotumia sampuli za watu wa Mombasa yarudishwe Mombasa, kwa Kiswahili, kwa maneno ya kawaida, katika baraza la chifu, zahanati, msikiti, kanisa na redio. Si kazi kubwa. Ukurasa mmoja watosha kueleza kwamba virusi vilivyotushika vimejizoeza kwa mbu wa pipa. Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wangeubeba ukurasa huo vizuri kuliko waraka wowote.

Pili, serikali ya kaunti na ya taifa ziyachukulie matokeo haya kuwa ni hati ya madai. Iwapo jenomu zaonyesha kwamba chikungunya na dengue hutegemea chombo cha maji, basi fedha za mabomba ni fedha za afya, wala haifai idara moja kupuliza dawa ya mbu huku nyingine ikikata maji. Iwapo zaonyesha kwamba kipindupindu huingia mara chache na kukaa miaka mingi, basi mfereji wa maji machafu wa Kisauni ni chanjo kama chanjo nyingine.

Tatu, mashine na wataalamu wake wagharimiwe na sisi wenyewe, angalau kwa sehemu ya kutosha kuziendesha siku za dhiki. Mwaka 2025 Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, miradi mingi ya afya Afrika iliyumba ndani ya wiki chache tu. Jicho la kuazima hufumbwa na mwenyewe apendapo. Tunao vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Pwani na kwingineko wanaoweza kuzisoma herufi hizi na kuzifasiri. Wanahitaji ajira, vifaa na kemikali, si pongezi za siku ya sherehe.

Kuna wanaoiona sayansi hii kuwa anasa ya nchi tajiri, kwamba mtu asiye na maji hana haja ya kujua ukoo wa kirusi kilichomlaza. Mimi naona kinyume chake. Asiye na maji ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya ushahidi huu, kwa kuwa kwa miaka mingi ameambiwa kwamba maradhi yake yanatokana na uchafu wake, uzembe wake, au ujinga wake. Sasa kuna maandishi yanayoonyesha kwamba maradhi hayo yalipita bandarini, yakavuka bahari, yakarudi, na yakamkuta akiwa ameweka maji ndani ya pipa kwa sababu bomba lilikuwa kavu. Hizo si habari za kuwekwa kabatini. Ni ushahidi wake, na ana haki ya kuupata mkononi siku atakapokwenda kuulizia maji yake.